Mwombaji Afike Mwenyewe

Saa moja na robo asubuhi, kwenye korido ya ofisi ya hati za viwanja, Fundi Siki alikuwa amepiga magoti mbele ya ndoo tatu akipima siki kwa kikombe cha chai kilichovunjika mkono. Kikombe kimoja cha siki, vitatu vya maji vuguvugu, kijiko kimoja cha sabuni ya kuoshea vyombo. Alikoroga kwa mkono mpaka povu likasimama, akalichota kwa kiganja na kulikagua kama mtu anayekagua unga kabla ya kuununua. Ndoo ya pili ilikuwa na maji matupu ya kusuuzia. Ya tatu ilikuwa na magadi makavu, yamefunikwa kwa sahani na kuwekwa mbali na siki, kwa sababu vitu hivyo viwili ukivikutanisha chupani vinapigana vyenyewe kwa vyenyewe, vinatoa povu la kupendeza macho, na vikimaliza ugomvi wao hakuna hata kimoja chenye nguvu ya kutoa doa la chai. Wengi hawalijui hilo. Wanaona povu, wanapiga makofi.

Yeye alilijua, pamoja na mengine mengi. Alijua kuwa mafuta ya vichwa kwenye mgongo wa kiti hunyonywa kwanza kwa unga wa mahindi kabla maji hayajagusa, kwamba wino hutoka kwa spiriti na matapishi ya mtoto hutoka kwa magadi na uvumilivu. Alijua kujaribu dawa nyuma ya kiti, mahali ambapo hata mwenye kiti hajawahi kuchungulia. Zaidi ya yote alijua kuwa kiti hakifuliwi. Kiti hupanguswa kwa povu. Maji ni mchukuzi tu, na mchukuzi huishia mlangoni. Wale mafundi wa msimu humwaga ndoo nzima, kitambaa kikang'aa siku mbili, sponji ikaoza miaka miwili. Katika miaka kumi na minne ya kazi Fundi Siki hakuwahi kulowesha kiti cha mtu. Siki yenyewe aliitengeneza nyumbani kwa maganda ya mananasi, na jina la fundi lilitoka huko huko, kwa sababu harufu yake ilifika mlangoni kabla yake na kuondoka baada yake. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Makochi ya nusu ya mji yalikuwa yakielea kwa mikono yake, na dawa zote zilitoka jikoni.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo ilimbidi awaeleze wateja mapema. Dawa yake ilitoa kila kilichozama kwenye kitambaa, na kama kuna marehemu aliyewahi kukaa hapo muda mrefu, ilimtoa na yeye. Kwa hiyo kabla ya kufungua ndoo aliuliza, "Kuna mtu alikuwa akikaa sana hapa?" Katika nyumba moja alitoka babu aliyefariki miaka sita nyuma, akaomba gazeti, akalisoma lote, akalalamika kuwa habari ni zilezile, na kitambaa kilipokauka akaondoka. Katika nyumba nyingine alitoka mume wa kwanza wa mama mwenye nyumba, na mume wa pili ikabidi ahamie jikoni mpaka saa kumi. Hawakai zaidi ya unyevu. Wateja wengi hawakuona shida, mradi doa litoke.

Mkuu wa ofisi alipoulizwa swali hilo alicheka, akasema kwamba pale kila mtu hukaa sana. Hakuwa na muda wa maelezo. Mkaguzi kutoka makao makuu angefika saa nane mchana siku hiyohiyo, na viti arobaini vya chumba cha kusubiria, vilivyonunuliwa vikiwa na mahameli ya kijani, sasa vilikuwa na rangi ya chai iliyosahauliwa kikombeni. Mgeni njoo mwenyeji apone. Kwa miaka ishirini hakuna aliyekumbuka kuvisafisha kwa ajili ya wanaovikalia. Ilitosha habari ya mtu mmoja ambaye angepita hapo dakika kumi, tena akiwa amesimama.

Fundi Siki angeifanya kazi ile hata kwa kuombwa na adui. Mama yake mzazi alikaa kwenye chumba hicho miaka tisa, kiti cha kumi na saba, kando ya nguzo. Alikuwa akifuatilia hati ya kiwanja chao, chenye nyumba ya vyumba viwili na jiko la nje ambamo siki ya binti yake ilichachia kwenye mitungi. Asiye na hati hana mpaka, na jirani yao alilijua hilo vizuri. Ukuta wake ulikuwa umesogea mara tatu, kila mara wakati wa mvua watu wakiwa ndani, na safari ya mwisho ulimeza kamba ya kuanikia nguo. Hatua nyingine kama hiyo na ungefika mlangoni mwa jiko. Mama alifariki akiwa na namba 214 kwenye mkoba. Binti yake alikwenda na cheti cha kifo mpaka dirisha la tatu, akaomba aichukue hati kwa niaba yake. Karani wa dirisha hilo, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimpa pole, na ilikuwa pole ya kweli. Kisha akamwonyesha maandishi ukutani: MWOMBAJI AFIKE MWENYEWE. Akasema asiyekuwepo na lake halipo. Cheti akakipokea, akakiweka ndani ya faili.

Hiyo ilikuwa miaka minne nyuma. Kwa hiyo mkuu wa ofisi alipotuma mtu kumwita, Fundi Siki alisema ndiyo kabla yule mtu hajamaliza kueleza ni viti vingapi. Alikuwa anakwenda kumleta mwombaji mwenyewe.

Alianza na mstari wa mbele. Watu waliokuwa wakisubiri siku hiyo, kama thelathini hivi, walisimama ukutani na bahasha zao kifuani wakimtazama anavyofanya, na kwa kweli alistahili kutazamwa. Alinyunyiza magadi kwa vidole vitatu, sawasawa, bila kurudia mahali. Aliyaacha yalale dakika ishirini huku akienda kupaka unga kwenye migongo ya viti vinavyofuata. Aliporudi aliyapiga brashi, akachukua povu bila maji, akalisugua kwa mizunguko midogo kuanzia kwenye mshono kuelekea katikati, kamwe si kutoka katikati kwenda nje, maana huko ni kulisafirisha doa. Kisha kitambaa cheupe kikavu, kukandamiza, si kusugua. Kijani kilirudi kidogo kidogo, kwanza kwenye pindo, halafu kikaenea. Mzee mmoja aliyesimama ukutani alisema hakujua kuwa viti vile vina rangi.

Kwenye kiti cha tatu alitoka mwalimu mstaafu, amevaa koti, kalamu mbili mfukoni. Alitoka taratibu, kuanzia mgongoni, akajiweka sawa, akaangalia saa yake. Kwenye kiti cha tano alitoka dereva wa lori. Kwenye kiti cha tisa walitoka wanawake wawili kwa pamoja, waliokuwa wamekikalia miaka tofauti. Wakasalimiana, kila mmoja akajisogeza, wakagawana nusu kwa nusu. Wote walikuwa na karatasi zao za namba mkononi. Kufikia saa nne kasoro mistari miwili ilikuwa imejaa, na wale walio hai wakaanza kunung'unika, kwa sababu walisimama ili viti visafishwe, na sasa viti vilikuwa na watu.

Mkuu wa ofisi alimwita karani wa dirisha la tatu aamue. Karani alipita kiti kwa kiti, akasoma namba na tarehe, akarudi na kutangaza kwamba namba za marehemu ni halali na ni za zamani zaidi, hivyo wao ndio wa kwanza. Kila mtu aliona ni haki. Dereva wa bodaboda aliyekuwa amebakiza watu wawili tu mbele yake alipiga mahesabu, akakuta sasa wako kumi na tisa. Aliketi sakafuni.

Kiti cha kumi na saba Fundi Siki alikifikia saa nne na nusu. Magadi ya kwanza yalimwagika pembeni, akayafuta, akanyunyiza upya. Alisugua polepole. Alianza kutoka mkoba, halafu kiganja kilichoushika, halafu mama mzima, amevaa kitambaa cha kichwa cha bluu na zile sandali alizokuwa hataki zitupwe. Alikuwa mwembamba kuliko binti alivyomkumbuka. Fundi Siki alitaka kumkumbatia, lakini alikuwa na povu mpaka kwenye viwiko, na mama hakuwa mtu wa kukumbatiwa na mtu mwenye povu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama akanusa hewa. "Siki."

"Ndiyo, mama."

"Umeweka ngapi?"

"Kikombe kwa vitatu."

"Kwa vinne ingetosha," mama akasema. Yeye alikuwa mfuaji wa nguo za watu maisha yake yote, na imani yake ilikuwa kwenye ndimu na jua. Alipitisha kidole gumba kwenye mkono wa kiti, akakitazama kile kidole pande zote mbili. Kisha akauliza wamefika namba ngapi.

Fundi Siki alimweleza yote: cheti, karani, maandishi ya ukutani, ukuta wa jirani, kamba ya kuanikia. Alimweleza kwamba leo ni lazima aitwe kabla kiti hakijakauka, maana akifika dirishani mwenyewe, na miguu yake mwenyewe, hakuna sheria iliyobaki ya kumzuia. Mama alisikiliza mpaka mwisho, mkoba magotini. Alipoulizwa kama anaona ni sawa, alijibu kwamba ni sawa, mtu akifikiri hivyo amefikiri. Binti yake hakuwahi kupata sifa kubwa kuliko hiyo kutoka kwa mama, na aliipokea akiwa ameinamia kiti cha kumi na nane ili isionekane usoni.

Kazi ya dirishani ilikwenda kama inavyokwenda siku zote. Bwana wa mhuri, ambaye bila yeye karatasi haitoki, alikuwa ametoka kidogo. Alirudi saa tano, akagonga mihuri mitatu, akatoka tena kidogo. Karani aliita mtu, akaangalia faili lake, akamwambia akae asubiri mhuri, akaita mwingine. Waliotoka vitini hawakulalamika, walikuwa wazoefu. Mwalimu mstaafu alikuwa akiwaeleza majirani zake kuwa hali imeboreka sana, enzi zake kulikuwa na dirisha moja.

Saa sita feni za darini ziliwashwa kwa heshima ya mkaguzi. Hilo Fundi Siki hakulitegemea. Mstari wa mbele ulianza kukauka, na watu wake wakaanza kupungua, kwanza miguu. Dereva wa lori alikunja karatasi yake vizuri, akaitia mfukoni, akaondoka. Wale wanawake wawili waliondoka pamoja. Mwalimu aliinua mkono, kwa adabu kabisa, akaomba kama fundi angeweza kumpulizia maji kidogo, kwani namba yake ilikuwa ya nne kuanzia hapo. Fundi Siki alichukua chupa ya kupulizia akampulizia. Mwingine akaomba. Mwingine. Alijikuta anazunguka chumba kizima na chupa kama mtu anayemwagilia miche, na akifika mwisho wa mstari, mwanzo umekauka.

Chupa ilikuwa moja na viti ni arobaini. Akiwa amesimama katikati ya chumba, Fundi Siki alifanya uamuzi ambao ulimuuma kisha akautekeleza: akarudi kwenye kiti cha kumi na saba, akabaki hapo. Mwalimu mstaafu alikauka akiwa katikati ya sentensi kuhusu umuhimu wa kutunza risiti.

Alikipulizia kile kiti. Alipulizia mgongo, akapulizia pale mama alipokalia, akapulizia tena. Maji yalianza kupita kitambaa. Aliyasikia kwa vidole yakiingia kwenye sponji, mahali ambapo katika miaka kumi na minne hakuwahi kuyaruhusu yafike. Kufikia saa saba na nusu kiti kilikuwa kikidondosha matone sakafuni. Fundi yeyote mwanafunzi angetimuliwa kazi kwa kiti kile. Mama alikuwa akiyaangalia matone yanavyoanguka, midomo ameifunga.

Mkaguzi alifika saa nane juu ya alama. Alikuwa mtu mnene mpole, mwenye daftari dogo na sauti ya mtu aliyezoea kusomewa taarifa. Alisimama mlangoni, akaona viti thelathini na tisa vya kijani, vikavu, vitupu, na kimoja chenye mama aliyekaa wima, na watu wengine ukutani wakiwa wametulia. Akaweka kiganja kwenye mgongo wa kiti cha kwanza. Akauliza ni nani aliyevisafisha. Alipoonyeshwa, alimpa Fundi Siki mkono bila kujali povu, akamuuliza ametumia dawa gani, na alipoambiwa siki ya maganda ya mananasi aliandika kwenye daftari. Akasema wazi mbele ya watu wote kwamba amekagua ofisi kumi na tisa na hajaona kazi kama ile. Hakuwa anatia chumvi. Hata watu wa ukutani, ambao walikuwa na kila sababu ya kukasirika, walitingisha vichwa kukubali.

Mkuu wa ofisi, akitaka mgeni aone pia kasi ya huduma, akamfanyia karani ishara aite mtu. Karani akavaa miwani yake, akaita namba mia mbili na kumi na nne.

Mama akainuka. Hakushikwa mkono. Alitembea hatua kumi na mbili hadi dirisha la tatu, sandali zikiacha alama za maji, akaweka karatasi yake kwenye kidirisha, akanyoosha kitambaa cha kichwa. Miaka tisa hakuwahi kuzipiga hatua hizo. Fundi Siki alimfuata nyuma akiwa na chupa mkononi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo moyo wake ulitulia, maana alimwona karani analitoa faili kabatini mara moja, faili lililojaa, lenye kila kitu: ramani, vipimo, picha nne, barua ya mashahidi. Karani alilipekua ukurasa kwa ukurasa akitikisa kichwa kwa kuridhika. Akafika ukurasa wa mwisho, akasimama hapo.

"Mama, hapa pana cheti cha kifo," akasema.

"Cha nani?" mama akauliza.

"Chako. Kimeletwa na binti yako."

Mama akageuka kumtazama binti yake. Hayakuwa macho ya lawama; yalikuwa macho ya mtu anayetafuta kwenye kumbukumbu siku ambayo hakuwepo. Fundi Siki alisema kwa sauti ndogo kwamba alikileta yeye, siku ile alipokuja kuomba kwa niaba, na kwamba alidhani ndivyo inavyotakiwa.

Karani alieleza bila haraka na bila ukali. Sheria inataka mwombaji afike mwenyewe, na mwombaji amefika, hilo halina ubishi, anamwona kwa macho yake na anafurahi kumwona. Lakini cheti kikishaingia kwenye faili, faili limefungwa, na hati haiwezi kutolewa kwa marehemu hata kama amefika. Mama akasema basi apewe binti yake. Karani akasema binti si mwombaji. Mama akasema kiwanja ni kilekile, na ukuta wa jirani ni uleule. Karani akasema anajua, na kwamba yeye mwenyewe ana jirani wa namna hiyo.

Mkaguzi, aliyekuwa amesogea kusikiliza, akaombwa aamue. Alisoma faili lote akiwa amesimama. Alisema ni faili zuri mno, limepangwa kwa mfano, na kwamba karani ameifuata sheria neno kwa neno, jambo ambalo siku hizi ni adimu. Aliandika hilo pia. Akampa mama mkono, akamshukuru kwa uvumilivu wake, akaenda kukagua stoo.

"Binti anaweza kufungua ombi jipya," karani akasema walipobaki watatu. Alitoa fomu na karatasi ya namba. Ilikuwa namba 3018. "Hiyo ndiyo njia iliyopo, dada yangu. Ningekuwa na nyingine ningekupa."

Mama alichukua kalamu, akampa binti yake, wakajaza fomu pale pale kwenye ubao wa dirisha. Fundi Siki alipofika mahali pa vipimo vya kiwanja alisita, akaanza kuandika urefu wa sasa, wa kutoka jiko hadi ukuta. Mama akaweka kidole kwenye karatasi. "Andika wa zamani," akasema, akamtajia kwa hatua, na aliukumbuka mpaka nusu hatua.

Kisha mama akamshika mkono akampeleka mpaka kiti cha kumi na saba. Alimwonyesha kwa kidevu jinsi nguzo inavyozuia vumbi la mlangoni, na jinsi dirisha la tatu linavyoonekana kutoka pale bila kugeuza shingo. Alimwambia aje na kitu cha kutafuna, na asimwachie mtu nafasi hata akiombwa vizuri.

"Kaa," akasema.

"Kimelowa, mama. Nimekilowesha mimi."

"Naona. Ndiyo maana nasema ukikalie."

Fundi Siki hakuhitaji kufafanuliwa. Kazini kwake alijua kuliko mtu yeyote kwamba feni hukausha juu, jua hukausha upande mmoja, lakini mwili wa mtu aliyeketi hukausha kiti mpaka ndani. Alisema ataendelea kupulizia. Alisema ndoo ya pili bado ina maji, wanaweza kukaa hivi hadi ofisi ifungwe, na kesho atakuja tena na siki. Aliyasema yote hayo haraka, kama mtoto anayeomba asilale.

Mama alimwacha amalize. Akapitisha kiganja kwenye mgongo wa kiti cha kumi na sita, kikavu, kijani kama siku kilipotoka dukani, akakipitisha taratibu kutoka upande hadi upande.

"Nimefua miaka arobaini," akasema. "Kitu hiki nisingekiweza. Sasa kiti kizuri namna hii ukiniachia kioze kwa sababu yangu, watu watauliza ni fundi gani huyu, mtoto wa nani. Kaa, mwanangu."

Akakaa. Maji yalipita sketi mara moja, baridi, mpaka kwenye ngozi. Mama alisimama kando yake na mkono begani, mkono wenye uzito, wa mfuaji, na watu wa ukutani wakaanza kurudi vitini mmoja mmoja, kila mtu akikagua kwanza kitambaa kabla ya kujiachia. Fundi Siki aliweka namba 3018 magotini akailaza kwa viganja isipeperushwe na feni. Chini yake alihisi sponji ikipata joto, ikijinyanyua kidogo kidogo, ikishika umbo lake, na hakuinuka. Kufikia saa tisa kiti kilikuwa kimekauka vizuri, bila doa, bila mduara, na begani hapakuwa na uzito wowote. Karani akavua miwani, akaifuta, akaita namba mia mbili na kumi na tano.